Maganda Nyuma ya Ukuta ya Jiko

Neno ya mwisho yenye mama-mukwe wangu aliongea na mujukuu wake ilikuwa juu ya maganda ya biazi. Amani, mutoto wangu wa kwanza, anaishi mbali kule kaskazini, mu inchi moja ya baridi kali, fasi theluji inalala inje miezi na miezi na udongo inakuwa nguvu kama jiwe. Siku ile alitupigia, tukaweka telefone juu ya kitanda, pembeni ya kichwa ya mama-mukwe, maana hakukuwa tena na nguvu ya kuikala. Amani akasema: “Koko, huku kila nyumba inapewa ndoo ya maganda. Inakatazwa kuyachanganya na mifuko ya plastiki. Na mimi nilitengeneza sanduku ya mbolea inje, lakini tangu baridi ilianza, imekufa. Maganda inabakia vile vile, hata kuoza haioze.” Mama-mukwe akafungua macho. “Uliiweka wapi?” “Mwisho ya bustani, Koko.” “Mwisho ya bustani! Mutoto munamulazaka mwisho ya bustani? Isogeze, iegemee ukuta ya jiko.” Amani akacheka sana. “Koko, huku ukuta haipitishe moto. Balijaza bitu kama pamba ndani.” Muzee akafikiri, kiisha akasema: “Sasa ile ni jiko gani, yenye haisaidie hata udongo?” Hiyo njo ilikuwa neno ya mwisho. Mbele juma iishe, tulimuzika.

Jina yake ilikuwa M'Birindwa, binti ya Birindwa, vile sisi Bashi tunaitaka bamama. Nilimujua kuliko nilijua mama mwenye alinizaa. Ku masomo ya mangaribi ya paruasi, ku kanisa yetu, fasi nilijifunza kuandika nikiwa tayari mama ya batoto, mwalimu alituambiaka: “Andikeni mwaka moja tu, ile yenye iliwafanya.” Wenzangu baliandika, mimi nikabakia na kalamu mukononi. Nilijua ni mwaka gani. Sikutaka kurudia mule. Leo mwenye alikuwa na ile mwaka pamoja na mimi hayuko, na kama siandike, itakuwa kama haikukuwako.

Nilikuwa bibi-arusi mupya. Tulikuwa tunaishi juu kabisa, upande ya kaskazini ya Bukavu, kupita Kabare, karibu na pori ya Kahuzi, fasi ukungu inaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi na mvua ya mawe inapasula majani ya shu, zile kabichi. Batu ba Bukavu banafikiri banajua baridi juu ya upepo ya ziwa. Kule nguo haikaukake, unaivaa na unyevu yake. Bwana yangu alienda Shabunda kutafuta dhahabu, mimi nikiwa na mimba ya miezi michache, nikabakia na mama yake mu nyumba moja. Alienda kutafuta ngombe, kwa kusema wazi. Maana shamba yenye tulikuwa juu yake haikukuwa yetu. Ilikuwa ya Papa Cishugi, na alitupatia mu bwasa: unalima, unamupatia sehemu yake, lakini haupande mugomba, hauzike mutu, na siku anataka, unatoka. Kama unataka udongo ikuwe yako na ya batoto bako, unaleta ngombe, njo inaitwa kalinzi. Hapo mugomba unapanda, na chini ya mugomba, siku yako ikifika, banakulaza. M'Birindwa alikuwa amezaa, amelima na amezeeka mu bwasa. Maisha yake yote alitamani kitu moja tu: kipande ya udongo yenye angeweza kupandamo mugomba bila kuomba mutu.

Na udongo yenyewe ilikuwa imekufa. Papa Cishugi alisema hivyo akitupatia: “Iliyokufa hiyo, mukiweza kuifufua, mukule.” Maharage ilitoka manjano, ikazaa mbegu moja-moja, kama meno ya muzee. Ngombe ya mbolea hatukukuwa nayo, bita ilikuwa imekula ngombe za mulima muzima. Tulikuwa na kobayi tu, zile nyama ndogo zenye zinakimbia-kimbia chini ya kitanda ya jiko na kulia kama ndege. Tulikuwa tunalala mu jiko, mama na mimi, juu ya baridi. Naiona ile jiko kuliko naona chumba yenye niko naandikia sasa: mafiga tatu, moshi yenye ilikataa kutoka, masizi inaning'inia ku paa kama nywele, mukeka moja, rozari ya mama ku musumari. Tulikuwa tunakula biazi na maharage bila mafuta, na mateke, ile magimbi, siku ya Mungu. Nikimenya kiazi, mama alikuwa anaangalia mukono yangu. “Mukamwana, usitupe. Maganda ya katikati ni ya kobayi. Ya pembeni, yenye iko na udongo, ni ya nyuma ya ukuta.”

Nyuma ya ukuta njo kazi yake ilikuwa. Batu bote banachimbaka shimo ya mbolea mbali na nyumba juu ya harufu. Yeye alichimba shimo fupi, akaiegemeza ku ukuta ya jiko, fasi mafiga ilikuwa upande ya ndani. Moto yetu ilikuwa inapika huku, na joto inapita ukuta ya udongo, inaenda kule. Akaweka chini miti ya mahindi, juu maganda, juu mavi ya kobayi na majivu kidogo, juu tena majani ya pori, akafunika na mukeka ya zamani na majani makavu ya ndizi yenye aliomba kwa jirani. Majani ya mikaratusi alikataa, alisema inachoma udongo. Maji ya kuosha vyungu hakumwaga ikiwa baridi. Alingojea ikuwe vuguvugu. Asubuhi, mbele ya kusali, alikuwa anainua mukeka na kuingiza mukono mpaka ku kiko, ku kiwiko. Siku ya kwanza alinivuta na mimi. “Ingiza.” Nikaingiza, na nikashituka. Inje vidole vilikuwa vinaniuma na baridi, na mule ndani ya takataka ilikuwa joto kama kifua ya mutu mwenye iko na homa. “Unasikia?” akasema. “Ikiwa na joto, inaishi. Ikiwa baridi, ilikufa, hata kama kwa macho inaonekana muzuri. Macho inadanganya. Mukono hapana.”

Ku kisima bamama balitucheka mpaka balichoka. “M'Birindwa anapikia udongo!” “Leo udongo ilikula nini, mama? Biazi ao foufou?” Mumoja, mwenye ulimi yake ilijulikana mpaka ku misa, aliniangalia tumbo na kusema: “Ee mukamwana, ukizaa, ujichunge, atamufunikia mutoto mu takataka ili akomae mbio.” Batu bakaanguka na kicheko. Mama-mukwe akaweka bidon ya maji ku kichwa, akasema: “Cheka, mwanangu. Kicheko haioze, lakini haizae pia.” Na jioni alirudia kwa bale bale kuomba maganda ya ndizi. Benye kukamua kasiksi, ile pombe ya ndizi, balikuwa banabakia na lundo ya maganda, na yeye alikuwa anabasaidia kumenya ili apewe. Alibebaka kitunga juu ya kichwa, maji ya ndizi inamutelemukia mu shingo, inzi nyuma yake kama maandamano. Nilikuwa naona haya. Nilikuwa kijana, na kijana anaona haya na bitu byenye bingemuokoa.

Maharage ya pili ilitoka kijani. Sijui kuieleza kwa mutu mwenye hajalima. Tuliamuka asubuhi moja, ukungu ikaondoka, na shamba yetu ilikuwa kama imepakwa rangi katikati ya zile zengine. Mama akapiga magoti mu matope na kusema “Nyamuzinda, Nyamuzinda,” ile jina ya Mungu ya bazee, akasahau rozari. Tulikula maharage yenye ilijaa sahani. Nilizaa Amani ile musimu, mu jiko ile, mama-mukwe akimupokea na mikono yenye ilinukia mbolea.

Papa Cishugi alikuya kuchukua sehemu yake. Alikuwa mutu ya adabu, kofia mukononi, sauti ya chini. Mama alimuwekea kiti mbele ya nyumba na chupa ya kasiksi yenye alipewa kwa bale benye alimenyeaka ndizi, kiisha akateremuka kisimani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nainua mukeka kumwaga maganda, Amani ku mugongo. Cishugi alikuwa na muzee mwenzake, na balifikiri hakuna mutu. Mwenzake akasema: “Si njo udongo hii ulisema ilikufa?” “Ilikuwa imekufa.” “Na sasa?” “Sasa inapona. Acha kwanza bamama bamalize kuiponyesha. Mutoto wangu ataoa, na hapa njo nitamujengea.” Mwenzake akacheka: “Wewe uko na akili, Cishugi.” “Ngombe yako ikigonjwa, mupatie jirani aichunge. Ikipona, ni ya nani?” Bakacheka bote wawili, na nikasikia kasiksi inamwagika mu kikombe. Mikono yangu ilikuwa ndani ya lundo, mu ile joto, na nikasikia baridi mpaka mu mifupa.

Nilimuambia mama mangaribi, tukiwa tunamenya. Hakulia. Aliendelea kutenganisha, ya kobayi huku, ya ukuta kule. Mwishoni akauliza: “Bwana yako alituma habari?” “Hapana, mama.” “Ngombe haitakuya mbele ya harusi ya ule mutoto ya Cishugi.” “Hapana.” Akachukua kitambaa kidogo mu kifua yake, akaifungua. Kitovu ya Amani ilikuwa ndani, yenye ilianguka juma moja kiisha kuzaa, kavu kama uzi ya kiatu. Kwetu kitovu ya mutoto inaenda chini ya mugomba, na ile mugomba inakuwa yake. Mutoto bila mugomba ni mutoto ya njia. Alikuwa anaibeba ku kifua miezi yote ile, bila fasi ya kuiweka. “Wazee banasema nini,” akaniuliza, “kama mugomba inazaa fasi fulani?” Nilijua, kila mutu kwetu anajua. Mugomba ikishazaa, mwenye udongo hawezi kukufukuza vile anataka, lazima wazee baikale, baongee, bakupatie haki yako. “Lakini mama, Papa Cishugi ataona.” “Ataona nini? Tunaipanda nyuma ya nyumba, mu lundo. Na mu ile joto, itazaa mbele yeye arudi.”

Akaenda kwa benye kasiksi, akarudi na kitunga ya majani ya pori, na chini ya majani, mutoto ya mugomba. Akaipanda katikati ya lundo, na chini yake akaweka kitovu. Tulisali Salamu Maria. Niliamini, naandika hapa mbele ya Mungu, niliamini kabisa. Mugomba kule juu inakokota miguu, inakaa kama mutoto ya utapiamlo mwaka muzima bila kuongeza jani. Kama mama angeipanda mu udongo ya kawaida, hakuna mutu angeiona, ingejificha nyuma ya jiko mpaka ngombe ifike ao mpaka tufe. Lakini aliipanda mu kitu yenye alipika mwaka muzima. Ilipanda kama yenye inafukuzwa. Jani juu ya jani, pana, kijani nzito. Tulikuwa tunaiangalia na furaha, kiisha na woga. Mama alianza kufunga majani yake na kamba ili ielekee chini. Ikakata kamba. Siku moja nikitoka kisimani, niko mbali ku njia, niliona jani moja imepita paa ya jiko yetu, inacheza na upepo, kama mutu mwenye anaita wapita-njia.

Papa Cishugi alikuya na wazee wawili. Hakupaza sauti. Alizunguka nyumba, akasimama mbele ya mugomba, akaitazama kutoka chini mpaka juu. “M'Birindwa. Unanipandia mugomba?” “Ilijiota, Papa Cishugi. Mu maganda.” “Ganda haizalake mugomba, mama. Wewe ni mulimaji, usinifanye mutoto.” Akainama, akachukua udongo ya lundo, akaifinya, akainusa. Niliona uso yake. Ilikuwa uso ya mutu mwenye anapewa chakula. Akawageukia wazee: “Mumeona na macho yenu. Mutu ya bwasa amepanda mugomba.” Wazee bakaangalia chini, bakasema “Tumeona.” Wao pia hawakukuwa batu babaya. Akaomba panga. Akakata mara moja tu, mugomba ikaanguka, na maji yake ikamwagika ku miguu yetu. Hapo mama-mukwe akapiga kelele yenye sijasikia tena: “Cishugi! Kitovu ya mutoto iko chini!” Akasimama. Nilifikiri ataona huruma. Lakini uso yake ikajifunga. “Kitovu? Kwangu? Sasa munanizalishia batu mu shamba, kesho mutanizikia. Toeni kitu yenu, na kiisha kuvuna maharage munatoka.”

Mama akapiga magoti, akaanza kuchimba na mikono. Wazee balisimama bakiangalia. Akachimba polepole, kiisha mbio, akitawanya maganda, mizizi, ile udongo nyeusi yenye ilikuwa bado inatoa moshi mu baridi ya asubuhi. Akafika chini. Akarudia tena kutoka juu, akichambua mukono kwa mukono, vile mutu anachambua mawe mu muchele. Hakukuwa kitu. Nilipiga magoti pembeni yake, na mimi nikatafuta. Kitambaa ilikuwako, nusu. Kitovu ilikuwa imekuwa udongo. Vile alifundisha ile lundo kula, ilikula. Aliniangalia na mikono yake myeusi imefunguliwa.

Tulivuna, tukamupatia sehemu yake, tukateremuka. Mutoto ku mugongo yangu, kobayi mu kitunga, na mama-mukwe akabeba ku kichwa mufuko ya ile mbolea, yote yenye aliweza kufunga, maana kitovu ilikuwa ndani fasi fulani na hakujua ni wapi. Mpaka Bagira, mutaa moja ya Bukavu. Ku njia batu baliuliza: “Mama, munauzisha nini?” Akajibu: “Hakuna.” “Sasa munabeba udongo kuipeleka mu ville? Ville ilikosa udongo?” Tulipangisha chumba moja ku mutelemuko. Akaimwaga nyuma, akaizungushia mawe, akasema tutatafuta mutoto ya mugomba. Mvua ya kwanza ya Bagira, ile yenye inaangusha na manyumba, ilikuya usiku moja tu. Asubuhi mawe ilikuwako. Udongo nyeusi ilikuwa imeteremuka mu mufereji pamoja na michupa na bitambaa bya batu, ikielekea ziwani. Mama alisimama pale na kanga ku mabega.

Bwana yangu alirudi kutoka Shabunda bila ngombe, na kikohozi. Tukazaa bengine, kiisha akakufa mbele Amani aanze shule. M'Birindwa alibakia na mimi. Batu ba familia balisema arudi kwao, akasema kwao ni wapi. Miaka yote tuliishi bawili, tukahama parsele kwa parsele, viwanja bya batu, kila mara ya kupanga, na kila fasi alitafuta kwanza ukuta ya jiko iko wapi. Batoto bangu bengine baliona haya, vile mimi niliona. “Maman, tutupe tu ku poubelle, ku pipa ya takataka.” Poubelle gani, mu Bagira hii, ni mufereji. Nilibakataza. Mpaka leo kuna ndoo nyuma ya jiko yangu. Jiko yenyewe ni ya makala, iko ku baraza, haina ukuta. Joto inaenda na upepo.

Mwaka hii, vile bita ilirudi, njia ya kupanda kule mulimani haipitike. Hata kama ingepitika, ningemupeleka kwa nani? Shamba ile ilijengwa na mutoto ya Cishugi, na banasema ni shamba nzuri kuliko zote. Tulimuzika hapa, ku makaburi yenye imejaa, ku mutelemuko, msalaba juu ya msalaba. Siku chache kiisha kuzika, nilirudia peke yangu na ndoo yangu ya mbolea na mutoto ya mugomba mu mufuko. Mulinzi wa makaburi, kijana mwenye koti ya mvua, aliniona nikichimba, akakuya mbio. “Maman, hapana. Hapa hapapandwake mugomba.” “Ni ndogo, mwanangu.” “Najua, maman. Lakini hii fasi si yenu. Kiisha miaka kidogo inapewa mutu mwengine, na mizizi inatusumbua.” Aliongea na adabu, kofia mukononi. Nikamuangalia sana. Nikamuuliza kama naweza kumwaga mbolea tu. Akasema hiyo haina shida, maman, mwaga.

Nikamwaga. Mugomba nikairudisha mu mufuko. Sijamuacha Mungu, na rozari yake mama niko nayo ku shingo. Nilisali sala zote zenye najua, mpaka ya benye balikufa, mpaka ya bagonjwa, na mbingu ya Bukavu ilibakia kijivu vile ilikuwa. Amani alikuwa ameniomba nimupigie nikifika ku kaburi. Telefone ilisikika vizuri, hata upepo ya kule kwao. “Maman, mulimulaza fasi nzuri?” Niliinama, nikakunja mukono ya nguo, nikaingiza vidole mu udongo ya kaburi, kiisha kiganja, mpaka ku kiko, vile mama alinifundisha. “Maman? Uko?” “Niko,” nikasema. Nikangojea. Nikasukuma mukono tena chini kidogo, nikangojea.

Ilikuwa baridi.